Bega Lililonistaafisha

Jumatatu, 3 Juni

Jumapili ni mchujo wa timu ya mkoa. Mita mia mbili, mtindo wa kipepeo. Wanachukuliwa wawili. Mimi nimekuwa wa kwanza miaka yote, lakini sasa yupo Kurumi, ana miaka kumi na saba. Nilianza kuogelea kipepeo yeye hajazaliwa.

Leo mazoezini kanipita tena. Kafika ukutani, kaningoja, kanishikia chupa ya maji. Kasema, “Pole, Dada Mizuho. Leo umechoka, eh?” Hakuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililoniuma.

Nimepata dawa. Asiyeshindana hashindwi. Kesho nitaumwa bega.

Jumanne, 4 Juni

Nimeumwa bega, na nimeumwa vizuri. Katikati ya bwawa nikasita, nikatoka kwa ngazi, mkono nimeukumbatia kama mtoto mchanga. Kocha Oribe, mzee ambaye sijamsikia akimsifu mtu, akaja mbio mpaka kandambili moja ikatumbukia majini. Akauliza linaumaje. Nikasema kama sindano. Akanifunika taulo.

Jioni nimekula mabakuli mawili ya tambi. Raha tupu.

Jumatano, 5 Juni

Mambo yamezidi kipimo. Kocha kamwambia meneja kwamba mwili wangu umesema basi. Timu yetu ni ya kiwanda cha mchuzi wa soya, na meneja ana moyo laini. Kaniita, kaniambia Jumapili nitaagwa rasmi. Maua, hotuba, picha. Mwezi ujao nahamia ofisini, idara ya malalamiko ya wateja.

Nikasema bega si baya kiasi hicho. Akanijibu, machozi yakimlenga, kwamba hata ushujaa una mipaka.

Nilitaka kukwepa mbio moja. Nimestaafishwa.

Baadaye Kurumi akabisha hodi na mayai ya bibi yake, yaliyoivishwa kwa mvuke wa chemchemi ya maji moto. Macho mekundu. Akasema, “Sasa nitamkimbiza nani, dada?”

Nikamwambia ananiacha kila siku.

“Mazoezini tu. Kwenye mashindano sijakushinda hata mara moja. Nikikuona njia ya pembeni yangu, miguu inaniisha nguvu.”

Nikafikiri. Ni kweli. Mbona hakuna aliyenikumbusha Jumatatu? Nimekula mayai yote peke yangu, kwa majuto.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya: kupona. Hapa mjini Beppu maji moto yanatoka ardhini kila kona, na wazee huapa kwamba yanatibu kila kitu. Nikakaa ndani ya maji hadi ngozi ikajikunja. Kisha nikamwendea Kocha nikizungusha mkono kama feni.

“Maji ya chemchemi?” akauliza.

“Ndiyo, Kocha.”

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema basi niogelee Jumapili.

Tatizo ni kwamba meneja keshaagiza maua, na kampigia mama yangu. Mama naye kapiga simu kutoka kijijini. Anakuja kwa treni na majirani wanne na figili za kuchachusha. Anauliza alie kabla ya hotuba au baada yake.

Jumapili, 9 Juni

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Meneja alikuwa tayari jukwaani na shada la maua. Nikamwomba mbio kwanza, maua baadaye. Akainama, akakubali.

Mita mia za kwanza, nzuri. Kufika mia na hamsini, mikono ikageuka magunia ya mchanga mbichi. Urefu wa mwisho wa bwawa sikuogelea, nilikuwa nakimbia idara ya malalamiko. Nilimwona kabisa mteja wangu wa kwanza, kashika chupa inayovuja.

Nikagusa ukuta. Nikaogopa kutazama ubao.

Wa pili. Kurumi wa kwanza.

Nimeshindwa, na mbingu haikuanguka. Nilijisikia kama mtu aliyevua vazi la mashindano lililombana tangu asubuhi. Kurumi alikuwa kainamisha uso, anaogopa kunitazama. Nikamrushia maji. Akacheka mpaka akapaliwa.

Meneja akampa Kurumi maua yangu, akafuta hotuba. Mama alikuwa keshalia mapema, kwa hiyo akagawa figili.

Halafu Kocha akaniita kando. “Jumanne ulipotoka majini ulishika bega la kulia. Nilipokufunika taulo, ukashika la kushoto.”

Nikatamani kurudi majini. Nikauliza, na lile la kustaafu?

“Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yako. Ukiogopa, njoo uniambie, mwanangu. Usiugue.”

Nikasema nimeelewa, Kocha. Nikainama mpaka paji la uso likakaribia magoti. Sijawahi kumshukuru mtu kwa moyo mweupe kiasi kile.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka mwepesi. Mazoezini Kurumi kanipita mara tatu, na mashindano ya kisiwa chetu kizima yanakuja. Sasa anajua kwamba nashindika.

Nimeyatafakari sana maneno ya Kocha, na kosa langu nimeliona wazi. Mabega ni mawili, lazima mtu achanganye. Tumbo ni moja.