Masweta Mawili kwa Ajili ya Euphrasie

Alhamisi, 1 Mei 2025. Muhumba.
Nimekula sombe ya juzi, peke yangu. Nimetoa sahani mbili tena. Moja nimeirudisha kabatini kimyakimya, kama mwizi. Euphrasie, mke wangu, alikwenda Luberizi kumsalimia mama yake kabla vita haijafika kwetu. Sasa njia imefungwa, naye yuko upande wa pili. Leo simu imedumu kidogo. Kauliza kama nimekonda. Nimekana. Hakuamini. (Mkanda una tundu jipya, la msumari.)
Mpango: Jumapili anione, tena nimenona.

Ijumaa, 2 Mei
Nimemwendea Maman Colombe, anayerusha misa ya parokia mtandaoni kwa ajili ya waliotawanyika. Kaeleza kwamba huituma kwa namna tatu: picha kubwa, picha ndogo, na sauti tupu. Kila simu huchukua inayoweza kubeba. Ni kama kupakua bugali, kasema, mutoto hapewi tonge ya muzee. Luberizi mtandao ni dhaifu, wanapata sauti tu.
Kumbe mke wangu anasikiliza misa kama redio. Aibu gani hii.

Jumamosi, 3 Mei
Nimepata. Nikizima zile namna mbili ndogo, simu ya Euphrasie ipende isipende itachukua kubwa. Colombe huimba soprano; wimbo wa kwanza ukianza, kompyuta yake kule sakristia inabaki yatima. Nimejaribu masweta mawili chini ya koti. Kwenye kioo: waziri.

Jumapili, 4 Mei
Nimezima. Nimekaa mbele, nikatabasamu kwa kamera misa nzima. Kufikia mahubiri jasho liko kwenye soksi.
Colombe kagundua wakati wa komunyo. Kaniuliza, mbele ya kwaya, Papa Ignace, akili yako iko wapi? Nimejibu: Luberizi. Hakucheka. Kasema picha kubwa haikupita: Luberizi, Kamituga, kote watu wameona kiduara kinachozunguka, basi. Aliyenipata ni mmoja tu, tena safi kabisa: shemeji Donatien, wa Brussels, ambaye hajanipenda tangu nitoe mahari.

Jumatatu, 5 Mei
Euphrasie kapiga. Donatien kamwambia nimevimba mwili mzima, natoa jasho na kukenua meno, nipelekwe hospitali. Imebidi nikiri masweta. Kimya. Nikadhani ni mtandao. Alikuwa anacheka, au analia. Kwa simu ile huwezi kujua.
Kisha kasema kila Jumapili huiweka simu juu ya mtungi na kuisubiri amina yangu, ile inayochelewa nyuma ya wote. Ndiyo inayomwambia kwamba nipo. Jana hakuisikia. Hakula.
Ikakatika.

Jumanne, 6 Mei
Nimetafakari, na kosa nimeliona. Masweta mawili yalizidi. Jumapili navaa moja. Colombe kanikataza kuikaribia kompyuta, lakini mlango wa sakristia haufungi vizuri. Nazima tena zile ndogo.
Na amina nitaisema nikiinua mkono, aione.