Tumbo la Dresa Tahiru

Jumatatu, 4 Machi 1974. Koboko.
Daktari wa Arua anakuja Jumamosi. Atachagua dresa mmoja wa zahanati yetu aende kozi ya miezi sita. Tuko wawili tu tunaofunga vidonda na kugawa dawa: mimi na Candiru. Kwa hiyo ni mimi.

Anachotaka alituambia mwezi uliopita: mgonjwa aliyetibiwa mwili na moyo pamoja. Mawazo huumiza mwili, alisema, na mwili nao huumiza mawazo. Nusu ya kwanza nimeishika vizuri sana.

Nimepita posta. Barua ya mdogo wangu Kenyi, askari, bado. Miezi sita sasa. Jeshini kuna kazi nyingi. Tumbo linachoma. Maharage ya jana hayo.

Jumanne, 5 Machi.
Bahati hiyo! Hawah, msukaji wa vikapu, amekuja analia. Hataki kula, hataki kusuka, hatua kumi tu amechoka. Mawazo! Nilijua hapo hapo, hata mkono sikumgusa. Nikamwita mumewe Lado, nikamfokea mbele ya foleni nzima kwa kumtesa mke. Lado akaapa kwamba hajamtesa hata siku moja. Foleni ikamwamini yeye.

Candiru akavuta kope ya Hawah. Ndani nyeupe kama unga. Safura: minyoo inamnyonya damu. Akampa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, akamwambia nguvu zikirudi na huzuni itapungua. Haya. Kope kila mtu anaweza kuvuta.

Alhamisi, 7 Machi.
Leo sirudii kosa. Draku, mpakiaji wa malori kule Oraba: moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, usingizi hapati. Akaanza kunieleza habari za marehemu mkewe. Nikamnyamazisha, nikampa dawa ya minyoo. Dozi mbili, tuwe na hakika. Ameshinda chooni.

Saa tisa Candiru akamkuta amekaa nje ya choo. Akampima kifua, hakuona kitu, akakaa naye. Akamwuliza alimzika mkewe lini. Januari. Wala hakulia, kwa sababu lori lilikuwa linangoja. Basi akalia saa nzima, kisha akaomba posho, ugali wa mahindi.

Posta: hakuna. Tumbo vibaya sana. Pilipili.

Ijumaa, 8 Machi.
Mpango mpya. Nimemfuata Draku mpaka kwenye malori. Nikamsihi aje kesho alie tena mbele ya daktari, safari hii akiwa mgonjwa wangu. Akacheka mpaka akajishikiza kwenye tairi. Akasema machozi yake iko kwisha, nilie mimi mwenyewe. Mtu hana shukrani huyu!

Jumamosi, 9 Machi.
Yamekwisha. Candiru alieleza wagonjwa wake wawili kwa maneno machache. Hawah alikuja na kikapu alichokianza jana. Mizunguko mitatu tu, lakini anatabasamu.

Zamu yangu. Nikafungua mdomo, tumbo likanikata, nikainama mbele ya watu wote. Daktari akanibonyeza, akaniuliza ninakula nini. Halafu akauliza ni nani wa nyumbani ambaye sina habari zake. Nikasema hakuna. Candiru akatazama chini. Kila siku ananiona nikienda posta.

Daktari akasema tumbo litapimwa Arua, lakini nikiendelea kunyamaza hivi, dawa peke yake haitanitosha. Kozi akampa Candiru.

Baadaye Candiru akanijia. Akasema kaka yake naye yuko jeshini, nikitaka kuzungumza yeye yupo. Nikamwambia nina kazi. Nikahesabu vidonge vile vile mara tatu, hesabu ikanipotea. Njaa.

Jumatatu, 11 Machi.
Nimefanya uchunguzi wa kitaalamu. Nimesoma shajara hii tangu ukurasa wa kwanza, na jambo liko wazi kabisa: tumbo huniuma zaidi kila nikitoka posta bila barua. Nimepata chanzo cha ugonjwa! Bila kozi!

Pale mlangoni pa posta kuna mama anayekaanga mihogo. Sijainunua hata mara moja, lakini moshi wake unanipata.

Kuanzia kesho nitapita mlango wa nyuma. Barua ya Kenyi watanipa huko huko.