Mrudisheni Binti Yangu Kazini Kabla Hajatumaliza

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Programu,

Kwanza pokea salamu zangu. Sisi hatujambo, ukiacha jambo hili lililonifanya nishike kalamu. Mimi ni baba mzazi wa yule mhandisi wako wa programu, yule mrefu anayeongea polepole, ambaye ulimpa likizo ya mwaka mzima ili apumzike. Naamini ulifanya hivyo kwa nia njema. Wengi waliovuruga nyumba za watu walikuwa na nia njema.

Nijitambulishe vizuri ili usidhani unaandikiwa na mtu asiyejua kazi. Nimestaafu nikiwa mkuu wa bohari. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kuomba likizo, na siku ya kuniaga mkurugenzi alisema mbele ya watu kwamba bila mimi bohari ingefungwa. (Haikufungwa. Nilipita wiki iliyofuata nikakuta wameifungua mapema kuliko nilivyokuwa nikiifungua mimi, lakini hayo si ya barua hii.)

Binti alipofika na mabegi yake nilimuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi. Nikamuuliza kama amefukuzwa. Akasema, "Hapana baba, nimechoka tu." Nikamweleza kwamba dawa ya uchovu ni kulala mapema. Akaingia katika chumba chake cha zamani na kufunga mlango. Yaliyofuata nimeyapanga kwa namba ili nikurahisishie uamuzi.

1. Mtumishi wako hafanyi kitu. Siku za mwanzo alilala mpaka nikawa naenda kusikiliza mlangoni kama anapumua. Simu ikiita, hata ya jirani ng'ambo ya ukuta, alikuwa anashtuka na kusimama wima. Kumbe huko kwenu mitambo ikigoma usiku, yeye ndiye wa kuamshwa. Mama yake, badala ya kumwambia ajikaze, alizima simu zote za nyumba hii na kuzifungia kwenye kabati la vyombo. Leo hii mimi mzee mzima nikitaka kujua matokeo ya mpira, naomba njia kwa masufuria.

2. Alipopata nguvu alituletea taratibu za kwenu. Siku moja maharagwe yaliungua. Katika nyumba ya watu wastaarabu maharagwe yakiungua mtu mmoja anagombezwa, mambo yanaisha, watu wanakula mkate. Binti akatuita sebuleni. Akasema, "Kazini likitokea tatizo hatutafuti wa kumlaumu. Tunauliza kwa nini mara tano, mpaka tufike kwenye chanzo." Niliona ni mchezo, nikakubali.

Kwa nini maharagwe yaliungua? Kwa sababu mama alikuwa ukutani anaongea na jirani yetu, fundi cherehani. Kwa nini aende ukutani na sufuria iko motoni? Kwa sababu alikuwa na jambo moyoni la kusimulia. Kwa nini asinisimulie mimi, niliyekuwa nimekaa palepale mlangoni mwa jiko? Kwa sababu mimi nikisimuliwa jambo huwa nafungua gazeti. Kwa nini nafungua gazeti? Hapo mke wangu alinijibia, kwamba nimekuwa nikilifungua tangu mwezi wa pili wa ndoa yetu na yeye angependa kujua pia. Swali la tano hatukulifikia kwa sababu nilikumbuka nina shughuli nje.

Hebu tazama uonevu huu, ndugu. Maharagwe kaunguza mwingine, chanzo nikaonekana mimi.

3. Likizo inaambukiza. Mke wangu alimuuliza binti, hivihivi tu, likizo ya namna hiyo hupewa nani. Binti naye hajui kuficha. Akasema hupewa mtumishi aliyetumika muda mrefu bila mapumziko, ambaye mwajiri hataki kumpoteza. Niliona kwa macho yangu mke wangu anaacha kumenya viazi.

Jioni akaniambia, kwa ile sauti yake ya upole inayonitisha kuliko kelele, kwamba anaomba likizo. Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Tangu hapo yuko likizoni: hapiki, hafui, wala hanitafutii miwani. Anakaa kibarazani na binti wakipiga soga. Nikitokea wananyamaza, nikigeuza mgongo wanaangua kicheko.

4. Mtaa mzima umeingiliwa. Fundi cherehani niliyemtaja siku hizi anafunga mapema, eti anapumzisha macho, na suruali yangu iko kwake haina zipu. Mlinzi wetu ametangaza kwamba anahitaji muda wa kutafakari. Tulipomuuliza anataka kutafakari nini, akasema, "Sasa wazee, nitajuaje kabla sijapewa huo muda?" Kwa kweli alikuwa na hoja. Hata jogoo wa jirani, na simsingizii, sasa anawika jua likiwa limeshakolea.

5. Ninayepika ni mimi. Sitaki kuingia ndani sana katika hili. Itoshe kusema kwamba mimi, niliyekuwa najua kila msumari wa bohari ulipolala, nimesimama katikati ya jiko la nyumba yangu mwenyewe nikauliza kwa sauti chumvi inakaa wapi. Nilijibiwa kutoka kibarazani kwamba mwenye kujua yuko likizo. Nilikaribia kukiri kwamba kazi hii ni ngumu. Nilijizuia.

Kutokana na hayo, naomba likizo ya binti yangu ifutwe na aitwe kazini mara moja. Pia, kwa kuwa mke wangu sasa anafuata kanuni za kampuni yako kuliko zangu, naomba umwandikie barua rasmi yenye muhuri, umjulishe kwamba likizo yake haikuidhinishwa na anatakiwa jikoni bila kuchelewa. Fundi cherehani mwandikie ukipata nafasi. Jogoo nitamshughulikia mwenyewe.

Yote hayo yakikushinda, basi tuletee mtu wa kushika nafasi ya mke wangu, kwa sababu nasikia mtumishi akiondoka kwenu ndivyo mnavyofanya. Awe anajua kuosha vyombo, na awe tayari kusikiliza maelezo yangu. Na hilo nalo likiwa gumu, nichukue mimi. Nipe kazi yoyote kwenye kampuni yako nifanye walau miezi michache, kisha unipe likizo, nirudi hapa nyumbani na haki sawa na wenzangu.

Nategemea busara yako. Nisalimie wote kitengoni, mabosi na wasaidizi, wafagizi na walinzi, na kwa namna ya pekee yule anayeamshwa usiku badala ya binti yangu. Mwambie mzee mmoja asiyemjua anamwombea alale.

Ni mimi, naandikia juu ya meza ya jikoni,
Baba yake

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuifungua. Binti aliingia kuchukua maji akanikuta nahangaika na vitunguu. Hakunicheka. Alichukua kisu kingine, akasimama ubavuni mwangu akaanza kukata. Nikamuuliza, macho yangu yakiwa kwenye ubao, huko kazini kulikuwaje hasa. Nilikuwa sijamuuliza hata mara moja, tangu aajiriwe.

Akanieleza. Alisema mwishoni alikuwa anafika nje ya ofisi yako anakaa kwenye gari, mkono uko kwenye kitasa, na hawezi kufungua mlango. Alisema siku aliyokuja kukuomba likizo hakukuogopa wewe. Alichoogopa ni namna ya kuja kuniambia mimi. Ndugu yangu, maneno hayo yameniuma kuliko lolote nililowahi kuambiwa. Nikaendelea kukata. Yeye aliendelea kusema. Mama yake akaja akaegemea mlango, akasikiliza. Tulikula tumechelewa, chakula hakikuwa na chumvi, na binti aliongeza sahani ya pili.

Kwa hiyo nabadilisha ombi. Tafadhali mwongezee mwaka mwingine. Sababu ni hizohizo tano, sikuona haja ya kuziandika upya.