Ajuza na Kopo la Vifungo

Jumatatu, 9 Juni

Ajuza amechukua dakika kumi na nne kuamka leo. Nimempima. Katika muda huo nimekunywa chai, nimekata kucha za mkono mmoja na kugombana na mdogo wangu. Ajuza ni laptopu yangu. Kabla yangu alikuwa wa kaka, na kaka naye alimpata kwa mtu. Betri imekwisha kabisa, ukichomoa chaja anazimika papo hapo. Kioo hakisimami bila kibanio cha nguo. Feni inavuma hata nikiandika jina langu tu.

Ripoti yangu ya mwisho chuoni inatakiwa Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi. Msimamizi wangu amesema hataki kusikia habari za mashine. Nisipowasilisha, narudia mwaka. Nimebakiza sura mbili.

Uamuzi: Ajuza astaafu wiki hii. Sitaki habari za matengenezo. Nataka mpya.

Tatizo ni Mama. Mama ni fundi cherehani, na cherehani yenyewe imenizidi umri. Nyumbani kwetu kitu hakitupwi mpaka fundi wake akikague mbele ya Mama na kutamka kwa kinywa chake kwamba hakina dawa. Pasi iliondoka hivyo. Redio bado inasubiri hukumu.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: Mama ajionee. Nimemwita asimame nyuma yangu nikimwasha Ajuza. Amewaka ndani ya dakika mbili. Mbili! Hajawahi kufanya hivyo tangu nimjue. Mama amesema mbona mzima, akarudi kwenye pindo la sketi ya mteja. Alipovuka mlango tu, Ajuza akaganda.

Mdogo wangu tunamwita Katibu, kwa sababu hakuna neno linalosemwa nyumba hii asilolikumbuka. Anaanza chuo mwezi wa tisa na ndiye atakayemrithi Ajuza. Ameniuliza kwa nini nisimwambie Mama ukweli tu, kwamba ripoti inanitia hofu. Nimemweleza kwamba mambo haya yanataka akili. Akasema sawa, akachukua kalamu na karatasi akaenda zake chumbani.

Watoto wa siku hizi hawajui kupanga.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda peke yangu kwa fundi wa kompyuta. Chumba chembamba, meza imejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Ukutani kuna kibao: HAPA HAKUNA KISICHOPONA. Ningekisoma kile kibao kwanza ningegeuza pale pale mlangoni.

Nimemuuliza fundi kwa upole: ikiwa mtu na mama yake wataleta mashine hii, naye fundi akasema imekufa, kuna ubaya gani? Amenitazama juu ya miwani. Kisha akamfungua Ajuza, akapuliza vumbi la kutosha kujaza kiganja, akasema ugonjwa ni mdogo. Memori haitoshi na diski ni ya zamani. Ataongeza kipande cha memori, atabadilisha diski, na Ajuza atatumika miaka mitano mingine. Miaka mitano! Nitaoa, nitapata watoto, na Ajuza bado yumo ndani. Nimeshukuru nikamtorosha kabla hajatibiwa.

Hata hivyo sikurudi mikono mitupu. Nimeona anavyofunguliwa. Skrubu saba, na memori yenyewe ni kipande chembamba, urefu wa kidole, kinachomoka ukibonyeza pembeni.

Mama nimemwambia fundi ametikisa kichwa. Ni kweli alitikisa. Sikusema alikuwa anamtikisia nani. Mama amesema basi Ijumaa tutakwenda wote, akamsikie mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango wa pili, na huu hauna kasoro. Nimechomoa memori kwa bisibisi ya cherehani. Skrubu saba zimetoka, sita zimerudi. Nikamwasha Ajuza. Akalia mlio mara tatu, kioo cheusi. Mlio mara tatu tena, kioo cheusi. Nimefurahi mpaka nikakaa chini.

Memori nimeizika chini kabisa ya kopo la vifungo la Mama. Nani atatafuta kompyuta ndani ya vifungo?

Mchana ndipo nimekumbuka kwamba ripoti imo ndani ya Ajuza na flashi yangu iko tupu. Nikataka kuirudisha memori dakika tano tu, ninakili, niichomoe tena. Mama amekaa na lile kopo siku nzima. Kuna koti la mteja lenye vifungo kumi na viwili, na kimoja hakijapata mwenzake. Nimepita sebuleni mara sita. Mara ya sita ameniuliza kama nimepoteza kitu. Nimesema hapana, nanyoosha miguu.

Nimeandika sura ya nne kwa mkono, kwenye daftari.

Ijumaa, 13 Juni

Mama alivaa nguo za kutokea. Mimi nilivaa uso wa msiba. Fundi alimchomeka Ajuza kwenye umeme, naye Ajuza akalia mlio mara tatu. Niliinamisha kichwa nikasema ametutumikia vizuri, basi apumzike.

Fundi akasema huyu hajafa. Mlio huo ni wa mashine inayodai memori yake. Akafungua. Pengo tupu. Akahesabu skrubu, sita. Akasema Jumatano kipande kilikuwepo, alikigusa kwa mkono wake, akaniahidi kuongeza kingine na kubadilisha diski. Nikajifanya hamnazo, nikatazama kibao ukutani.

Mama akafungua pochi. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka mezani taratibu. Akamwambia fundi kwamba ameshika vifungo miaka thelathini, lakini hiki alichokikuta jana kwenye kopo lake hakijui, labda yeye atamwambia ni cha nguo gani. Fundi akavua miwani akaanza kuifuta, mabega yanamtetemeka. Mimi uso ulinishuka mpaka miguuni.

Mama akamwambia amtengeneze Ajuza kama alivyosema. Kisha akaomba lile begi.

Fundi akainama chini ya meza, akatoa begi jeusi. Ndani mlikuwa na laptopu. Nyembamba, kioo kinasimama chenyewe. Mama aliiagiza kwa fundi huyo tangu wiki iliyopita. Alikuwa akiisikia feni ya Ajuza kupitia ukutani na kunihurumia. Neno la fundi alilitaka kwa desturi tu, na hata lingekuwa lipi, begi lile lilikuwa langu.

Nikanyoosha mkono. Mama akalihamishia begi bega la pili. Akasema mtu anayeweza kuandika ripoti bila memori atawezana na Ajuza. Hii atapewa Katibu, ambaye Jumanne aliacha barua juu ya cherehani, nusu ukurasa. Nikasema kwa uchungu kwamba ana haki, amejiombea mapema. Mama akasema Katibu hakujiombea. Aliandika kwamba mimi kaka yake naogopa kurudia mwaka na naona aibu kusema.

Niliumia, na wala haikuwa kwa ajili ya laptopu. Nilitaka kusema samahani, nikasema asante.

Jumatatu, 16 Juni

Fundi aliihamishia ripoti kwenye diski mpya, na Ajuza sasa anawaka ndani ya sekunde ishirini. Nimewasilisha ripoti saa tatu na nusu. Msimamizi ameipitia na kusema sura ya nne ndiyo iliyotulia kuliko zote. Ni ile ya daftarini.

Nimemwomba Mama msamaha. Amesema amesikia, nimshikie pindo. Katibu nimemnunulia kalamu. Naye ameniambia nikitaka kutumia mashine yake nimwambie tu, asubuhi au jioni.

Naandika hapa nisisahau: ukiwa na shida, isemee. Nimejifunza. Mimi ni mtu mpya.

Jumanne, 17 Juni

Simu yangu inapata moto ikichajiwa. Si moto sana. Lakini ikilala juani kidogo, Mama akiishika atashtuka.

Mama amelihamishia kopo la vifungo kabatini na kutia kufuli. Kopo la nyuzi bado liko wazi.