Chozi wa Kibanja cha Shangazi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimejiponza. Mwalimu Adventina alileta simu yake itengenezwe kibandani kwangu Bilele, akasema klabu yake ya wapenda ndege inatamani kumwona ndege aitwaye chozi. Nikajisikia nikimwambia chozi nawajua tangu utotoni, na Jumamosi nitawapeleka Kamachumu, kwenye kibanja cha shangazi Jovina, migomba yote ina maua. Kisa ni Buberwa. Alikuwa amesimama pale na darubini shingoni, naye anamtaka Adventina kama ninavyomtaka mimi.

Chozi sijui hata anafananaje.

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma kwenye simu ya mteja. Mdogo kuliko shomoro. Mdomo mwembamba uliopinda kama mundu, wa kufyonzea maji matamu ya maua. Manyoya yanameta kijani kama nzi wa chooni. Nikaishia hapo, mteja akataka simu yake.

Inatosha. Ila asipotokea?

Ijumaa, 7 Machi
Nipo Kamachumu. Dawa imepatikana: nimetundika chupa za maji ya sukari kwenye migomba. Shangazi ameuliza kama nimerogwa. Nimemjibu ni utafiti.

Jumamosi, 8 Machi
Klabu nzima imekuja. Kwenye ua la mgomba kakatua kandege ka rangi ya vumbi. Adventina akauliza ni ndege gani.

“Achaneni naye,” nikasema kitaalamu. “Shomoro tu. Chozi anameta.”

Buberwa akashusha darubini polepole. “Huyo ni chozi jike. Tazameni mdomo ulivyopinda. Anayemeta ni dume.”

Wote wakanigeukia. Nikawahimiza waje kwenye chupa zangu, nikiapa dume yuko huko. Walikuwepo nyuki. Adventina kaumwa sikio. Buberwa kaumwa mdomo, hilo halikuniuma sana. Shangazi kawaingiza ndani na kuwapa chai. Mimi nimebaki jikoni, naogopa kutoka.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa nimekwenda Hamugembe kumwomba Adventina radhi. Nimemkuta na Buberwa. Hakunigombeza. Amesema ningekiri tu kwamba sijui, tungemtafuta chozi pamoja, na ingenoga zaidi. Maneno yakaniingia. Nikaahidi sitajifanya mjuaji tena.

Kisha akasema mwezi ujao klabu itakwenda kutazama nyoka, ila hawajapata mtu anayewajua.

Buberwa akaanza kuufungua ule mdomo uliovimba. Nikamwahi. Nimesema nyoka nimekua nao.