Mkurugenzi Arudishwa kwa Vipande

Idara ilitangaza, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba zama za kazi kubwa zimekwisha. Mfumo mpya wa kompyuta wa kusajili wafanyakazi ungejengwa kwa vipande vidogo vidogo, kila kipande na kadi yake ya maelekezo, na mjaribu mfumo angepima kilichoandikwa kwenye kadi tu. Akipima zaidi, mkataba wake hauongezwi.

Mjaribu alikuwa mmoja tu, mjane mwenye watoto watatu. Ofisi nzima ilimwita Mama Kasoro, na mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa.

Jumanne ikashuka kadi ya Mkurugenzi mwenyewe: "Kitufe cha kufuta kiwe chekundu."

"Bosi, kinafuta nini?"

"Umeandikiwa rangi, mama. Pima rangi."

"Na nikikibonyeza?"

"Kubonyeza kuna kadi yake. Haraka ya nini?"

Hee! Roho ilimuuma Mama Kasoro, maana kitufe kisichopimwa ni nyoka ndani ya nyumba. Lakini mwenye nguvu mpishe, na watoto hawali ushujaa. Akakikazia macho, akaandika: "Chekundu. Kimepita."

Alhamisi wageni wakaalikwa kwenye uzinduzi. Mkurugenzi akaingia kwenye mfumo kwa jina lake, akasifia wekundu ule, akabonyeza. Kitufe kikamfuta yeye, bila kuuliza mara mbili. Wageni wakapiga makofi.

Alipotoka nje kupokea simu na kutaka kurudi, mlango wa alama za vidole ukakataa kidole chake. Mlinzi akachungulia kompyuta. "Samahani, mzee. Hapa hujawahi kuajiriwa."

Taratibu zikafuatwa. "Mkurugenzi arudishwe" ilionekana kazi kubwa mno, ikakatwa vipande arobaini na moja. Cha kwanza, apite getini. Cha pili, akae kwenye benchi la korido. Ijumaa kaimu wake, ambaye tayari alikuwa amekizoea kiti cha bosi, akamwongezea Mama Kasoro mkataba wa miaka miwili, kwa kuwa kumpima Mkurugenzi si kazi ya siku moja. Mama Kasoro alifurahi waziwazi, akacheka hadi machozi.

Jumatatu akamkuta bosi wake kwenye benchi, amebana magoti.

"Mama, nakuomba. Mlango wa choo unanikataa."

"Pole sana, bosi. Andika kadi," akasema, akampa kalamu. "Na ueleze vizuri, ukishaingia, kitokee nini ndipo nijue kimepita."