Wasomaji Wangu Elfu Kumi

Jumatatu, 3 Juni

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Basi niutue mzigo. Kwa miaka mitatu nimewaambia watu kwamba tovuti yangu ya mawingu ina wasomaji elfu kumi. Sijui inao wangapi. Programu inayohesabu wageni haijawahi kunifungukia hata siku moja. Naandika jina, naandika neno la siri, napata ukurasa mweupe kama shuka la hospitali. Elfu kumi niliitunga mezani, shemeji alipotaja elfu nne zake.

Nilifanya kazi kituo cha hali ya hewa mpaka nikastaafu. Nimekosea mvua mbele ya taifa zima na sikuona haya. Hili nalionea haya.

Kwa nini niseme leo? Mkutubi amepiga simu. Maktaba itahifadhi tovuti ya mstaafu mmoja wa mtaa huu, mmoja tu, ibaki hata mwenyewe akiondoka. Neno "akiondoka" alilisema kwa sauti ya chini. Tuliobaki kwenye mchujo ni wawili: mimi na shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, mpima ardhi mstaafu anayeandika habari za kuku wake. Ijumaa mkutubi atakuja hapa kwangu, na kila mmoja afungue ripoti yake ya wageni mbele yake. Nikishindwa, siku nitakayozikwa mawingu yangu nayo yanazimwa.

Nimefungua ukurasa wa msaada. Unasema: kama ripoti haionekani, tatizo si programu, ni kivinjari chako, yaani kile unachofungulia tovuti. Jeuri hiyo! Nimejifunga kibwebwe.

Jumanne, 4 Juni

Ushauri wa kwanza: pakia ukurasa upya. Nimeupakia upya mpaka kidole kikafa ganzi. Mweupe.

Ushauri wa pili: futa vidakuzi, yaani vile vialama ambavyo tovuti huacha ndani ya kompyuta ili ikutambue ukirudi. Nimefuta vyote. Sikujua kwamba binti yangu hutumia kompyuta hii kwa benki, kwa duka la dawa, na kwa maombi ya kazi ambayo alikuwa amebakiza ukurasa mmoja kuyamaliza. Ameniambia mgonjwa kazi yake ni kulala. Nimemjibu nitapata muda mwingi sana wa kulala. Hakucheka.

Ushauri wa tatu: zima kizuia matangazo. Hicho alikiweka binti huyo huyo, baada ya mimi kununua dawa ya magoti ya tangazo moja mpaka kabati likajaa. Kumbe kizuizi hakichagui. Kilikuwa kinaiona programu ya kuhesabu wageni kama tangazo lingine, kinaifungia nje. Miaka mitatu! Nimekizima binti alipotoka kwenda sokoni.

Ukafunguka. Grafu ya buluu, ramani, majina ya vivinjari, kila kitu! Nilipiga makofi, nikapaliwa, muuguzi anayenitunza hapa nyumbani akaja mbio na kipimo cha presha.

Wasomaji wa mwezi huu: wawili.

Nimetazama na miwani. Nimetazama bila miwani. Wawili. Mmoja aliingia muda mfupi tu kabla, kwa kompyuta hii hii. Huyo ni mimi, nilikwenda kuhakikisha tovuti bado ipo. Wa pili anatumia kivinjari cha kale ambacho hata waliokitengeneza wamekitelekeza. Huingia kila asubuhi, na kila ukurasa hukaa nao muda mrefu. Huyo ndiye umma wangu wote.

Lakini ripoti imefunguka, na ushindi ni ushindi. Matangazo nayo yamerudi. Nimeagiza dawa ya magoti, chupa moja tu. Ukurasa wa malipo uligoma kidogo, nikaupakia upya mpaka ukatii. Sasa mimi ni fundi.

Jumatano, 5 Juni

Siku tukufu!

Asubuhi nilifuta vidakuzi tena, kwa mazoea tu, nikafungua tovuti yangu. Ripoti ikasema: wasomaji watatu. Nikafuta, nikafungua. Wanne. Programu hainitambui! Kila nikifuta vidakuzi nazaliwa upya. Mzee mmoja mwenye moyo mbovu anaweza kuwa mji mzima bila kushuka kitandani.

Mpango umepangika wenyewe. Futa vidakuzi. Chungulia kwa shemeji, maana hushindani na mtu usiyemchungulia. Fungua ya kwangu. Futa tena. Nimeongeza kivinjari cha pili, cha tatu na cha nne ili kazi iende upesi.

Nilimwomba muuguzi anishikie zamu nikisinzia. Amesema yeye alisomea kuwatunza wagonjwa, hakusomea kuwabuni wazima. Maneno makali kwa mtu anayekunywa chai yangu. Nimeazima simu yake kuangalia saa. Saa nimeiangalia. Na tovuti pia.

Kufikia jioni nimevuka mia mbili. Elfu kumi bado iko mbali, lakini nitamweleza mkutubi kwamba wasomaji, kama mvua, wana misimu. Nitalisema hilo kitaalamu.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji amekuja kumjulia hali mgonjwa. Amekuja na kompyuta kwapani. Mgonjwa haletewi kompyuta. Nikajua kuna jambo.

Alikaa, akaniuliza moyo unaendeleaje, hakusubiri jibu. Akamenya chungwa langu. Akasema wingu la Jumatatu lilikuwa kama godoro lililochanika. Maneno hayo niliyaandika kwenye tovuti Jumatatu. Sikuyasema kwa mtu yeyote.

Akasogeza kiti.

"Shemeji, ile ripoti yangu haijawahi kufunguka."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Elfu nne nilizitunga tu, ili nisionekane mnyonge mbele yako."

Mtu mwema hapo angemkumbatia. Mimi nilifungua kompyuta yake, nikakikuta: kile kivinjari cha kale. Umma wangu wote ulikuwa umekaa pembeni ya kitanda, unadondosha mbegu za chungwa kwenye blanketi langu.

Nilipiga hesabu haraka. Nikimwacha na mkweche wake, ripoti yake haitafunguka kesho na nimeshinda. Lakini nikimwekea kivinjari kipya, programu itamwona kama mtu mpya, na akifungua mawingu yangu nitapata msomaji mwingine. Tamaa ikanizidi. Nikamwekea. Nikamwambia ajaribu kwa kufungua tovuti yoyote, kwa mfano ya kwangu. Akafungua. Nikaongezeka mmoja!

Kisha akafungua ripoti yake. Wasomaji zaidi ya mia mbili, karibu wote wa jana.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Shemeji," akasema, "watu wamewagundua kuku wangu."

Nilikuwa nimesahau. Kila nilipozaliwa upya jana, nilianza kwa kumchungulia yeye.

Alifuta macho kwa shati. Nilimpa kitambaa.

Ijumaa, 7 Juni

Mkutubi aliketi kati yetu kama mwamuzi. Akafungua yangu, akafungua ya shemeji. Nilianza kueleza kuhusu misimu. Akanisikiliza kwa adabu zote, huku akibonyeza mahali ambapo sikujua kuwa panabonyezeka: wageni wanatoka wapi.

Wa kwangu karibu wote: nyumba hii. Wa shemeji karibu wote: nyumba hii.

Muuguzi alikumbuka ana kazi jikoni. Mlango ukabishwa, akaingia mpeleka mizigo na katoni ya dawa ya magoti. Kumbe kila nilipoupakia upya ule ukurasa wa malipo, niliagiza tena. Binti alitazama katoni, akanitazama mimi, akatazama dari.

Mkutubi akasema, "Wazee wangu, mimi naona wasomaji wawili tu. Huyu anamsoma yule, na yule anamsoma huyu."

Shemeji akasema yeye hupitia tu, kuangalia makosa ya herufi. Nikasema mimi huchungulia tu, kiushindani.

Mkutubi akaendelea. Msomaji wa kuku hakai sana kwenye kuku. Anarudia ukurasa mmoja ule ule, unaomhusu dada wa mwandishi na baiskeli. Akauliza kama kuna anayemfahamu msomaji huyo. Shemeji alinitazama, nami nikatazama katoni.

Mkutubi akafunga kompyuta. Amesema maktaba ina vitabu vingi ambavyo havijawahi kufunguliwa hata na mtu mmoja. Atazihifadhi zote mbili, chini ya anwani moja: mawingu kushoto, kuku kulia.

Nimeshinda! Kushoto ndiko jicho linakoanzia kusoma. Shemeji naye ameondoka akijipongeza kwa sababu zake, sikuzisikiliza.

Jumapili, 9 Juni

Tovuti ya pamoja imefunguliwa. Mawingu yangu yatanizidi umri. Kila upande una kihesabu chake, na kila mtu anakiona. Kosa kubwa la mkutubi.

Daktari amesisitiza nipumzike. Nimeongeza kivinjari cha tano. Binti ameficha waya wa kompyuta, lakini simu ya muuguzi ninayo. Nusu ya dawa ya magoti nimempelekea shemeji. Anadhani ni zawadi.

Limebaki moja. Nilisema namchungulia shemeji kiushindani. Ule ukurasa wa baiskeli unaeleza jinsi dada yake, msichana bado, alivyotumbukia na baiskeli kwenye tope la wafyatua matofali, akasimama na kusema alikusudia. Ndiye mke wangu kabisa. Lakini umri huo mimi sikumjua. Anao kaka yake peke yake, na huutoa kidogo kidogo, katikati ya kuku.

Leo ametoa kipande kipya: jinsi dada yake alivyojifunza kupiga mluzi. Nilikisoma kabla sijafungua upande wangu. Kihesabu kikasema ananizidi kwa msomaji mmoja. Haikubaliki. Nikafuta vidakuzi ili nimrudishie kipigo, na kama kawaida nikaanzia kwake.

Sasa ananizidi kwa wawili. Wote wawili ni mimi.